Mfuko wa Uzi Mwekundu

Asubuhi ya siku ya nne karatasi ya pili ilipitishwa chini ya mlango wa chumba namba 412. Ya kwanza ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya bluu. Hii iliandikwa kwa nyekundu. Masudi aliigeuza juu chini, chini juu, akaona haimsaidii. Maandishi ya Bangkok yalijikunja yote namna moja. Lakini chini kabisa mtu alikuwa amechora samaki, tena kwa bidii, na mapezi yake, kisha akampiga mstari.

"Mama Bilkisi," alimwambia mkewe, "sasa banachora samaki."

Mwanvua hakugeuka. Alikuwa amepiga magoti sakafuni anasonga bukari, ugali wa kwao, kwenye jiko la umeme walilolibeba toka Kolwezi, Kongo. Jasho lilimtiririka, kwa maana chumba hakikuwa na dirisha. Kilikuwa na picha ya dirisha, imebandikwa ukutani, na nje ya dirisha hilo la karatasi kulikuwa na bahari. Kitanda kilijaa chumba kizima. Ukitaka kufungua sanduku ulipaswa kwanza kufunga mlango wa choo.

"Baache bachore," alisema. "Shiye tulilipa."

"Mais bile bikaratasi bilishafika mara mbili."

"We njo ulisema usikule bitu bya huku, utakuta nguruwe ndani. Sasa samaki ya chumvi nayo hapana. Tukule nini? Ile picha ya bahari?"

Walikuwa wametoka Manika, mtaa wa sokoni, na hii ilikuwa mara yao ya kwanza kupanda ndege. Hawakuja kutembea. Mwezi wa pili lori la Masudi, Fuso lililowalisha miaka tisa, lilipinduka na mihogo kwenye njia ya Sandoa, likauzwa kama chuma chakavu. Kilichopatikana kilikuwa dola elfu nne na mia mbili baada ya tiketi na visa. Mwanvua akasema atanunua nguo Bangkok, afungue duka, na duka lisiposimama basi watoto wanne waache shule wakaokote mawe kwenye machimbo ya Mutoshi. Hakusema hivyo kwa kutisha mtu. Ndivyo ilivyokuwa.

Dola mia nne za matumizi alizifunga kiunoni. Elfu tatu na mia nane zilizobaki alizikunja kwenye plastiki, akazizika katikati ya mfuko wa kilo tano za unga wa mahindi, akaushona mdomo kwa uzi mwekundu. Uwanjani Lubumbashi maofisa walipapasa mpaka soli za viatu, lakini unga nani apapase unga? Ujanja huo aliujifunza kwa marehemu mama mkwe wake. Mama yule alipotaka kumsaidia mjane au ndugu aliyeishiwa, hakumpa pesa mkononi mbele za watu. Alimpelekea unga, na pesa ndani ya unga, ili mtu akazikute peke yake jikoni kwake na asione haya. Mtaani walijua desturi hiyo, hawakuitaja.

Masudi alijua pesa ziko kwa mkewe. Hakujua ziko wapi, na walikubaliana asijue. Masudi hajawahi kumnyima mtu kitu ambacho alijua kilipo.

"Mi naenda ku soko," Mwanvua alisema walipomaliza kula. "Leo naona bei ya mwisho, kesho tunanunua. Ile samaki uitafutie kwenye itaenda. Mi siitaki kusikia tena."

Angeongeza neno moja tu kuhusu mfuko. Lakini kuutaja ni kuuonyesha, basi akanyamaza, akajitanda kitenge chake, akaenda.

*

Mama wa mapokezi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alipomwona Masudi akitoka kwenye lifti alijiziba pua kwa vidole viwili, bila haraka, kama mtu anayefunga kifungo. Wageni wengine wawili waliokuwa wakisubiri teksi wakamtazama Masudi, kisha wakatazama viatu vyake.

Mama yule alizungumza na simu yake, na simu ikasema kwa Kifaransa safi cha mtangazaji wa redio: samaki atoke kabla ya saa sita mchana, asipotoka, faini ni baht elfu mbili na chumba kirudishwe.

Masudi alivuta pumzi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye tumbo la heshima, ambaye askari wa vizuizi vyote mpaka Sandoa walimwita tata, yaani baba. Aliuonyesha ubao ukutani: sigara imepigwa mstari, mbwa amepigwa mstari, na tunda kubwa la miiba limepigwa mstari.

"Samaki iko wapi hapa?" aliuliza kwa Kifaransa. "Nionyeshe samaki."

Mama yule alichukua kalamu nyekundu, akainuka, akachora samaki kwenye ubao palepale, akampiga mstari. Wageni wa teksi wakacheka. Masudi alijisikia kama mtoto aliyekojoa darasani.

Ndipo Ntambwe alipoingia. Kijana huyu wa miaka ishirini na minne Masudi alikuwa amemkuta barabarani siku ya kwanza, akizungumza kwenye simu Kiswahili cha Kolwezi kabisa, na Masudi alimkumbatia pale njiani utadhani walinyonya ziwa moja. Ntambwe alichimba Mutoshi miaka mitatu. Akiba yake yote alimpa wakala aliyemwahidi majaribio ya mpira Bangkok. Wakala alizima simu siku ya pili. Sasa visa yake ilikuwa imekwisha tangu miezi mitano. Alilala chumba kimoja na vijana wengine watano na kuosha vyombo kwenye mgahawa uliomlipa kwa wali. Akamweleza Masudi hesabu yake: faini ya uhamiaji na tiketi, dola elfu moja na mia nne, ndipo afike kwa mama yake. Aliieleza bila kuomba, na hilo lilimuumiza Masudi zaidi.

Tangu siku hiyo alikuja kila mchana kula, na kila alipopanda chumbani, hoteli ilidai baht mia tatu za mgeni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Masudi ni mtu wa kumpa mgeni jembe, na nauli ya kulipeleka nyumbani.

"Jambo yenu, tata Masudi."

"Jambo sana, mwana. Ngoja hapo, usipande, huyu mama atatumaliza. We uko na kwenye unapikia?"

"Rechaud iko, tata. Unga njo tulishasahau hata rangi."

Masudi alipanda chumbani, akavuta boksi la chakula chini ya kitanda. Samaki wote aliwatia ndani ya mfuko wa plastiki. Unga uliofunguliwa ulikuwa umebaki konzi mbili, ilikuwa haya kumpa mtu. Lakini kulikuwa na ule mwingine, mzima, umeshonwa vizuri. Samaki bila bukari ni dhihaka, alijiambia. Kesho kutwa wanaondoka, nani ataumaliza?

"Beba," alimwambia Ntambwe chini. "Kwetu mutu hatoke mu nyumba mikono mitupu. Ukule na banzako."

Ntambwe alipokea kwa mikono miwili, akainama. Mama wa mapokezi alimsindikiza samaki kwa macho mpaka barabarani, akapuliza manukato hewani mara tatu.

Mwanvua aliporudi jioni miguu imevimba, chumba kilinukia sabuni. "Samaki?" aliuliza. "Niliipanga," alijibu Masudi kwa fahari. Mwanvua alifurahi kwamba kuna jambo moja duniani ambalo mumewe amelimaliza peke yake, akalala.

*

Mwanvua aligundua kesho yake, saa nne na nusu asubuhi, alipofunga mlango wa choo na kuvuta boksi kuchukua mtaji wake.

"Baba Bilkisi, mufuko iko wapi?"

"Mufuko gani?"

"Ya unga. Ya uzi nyekundu."

"Nilipatia Ntambwe, na samaki yote. Sasa chumba inanukia muzuri, haiko?"

Mwanvua alikaa kitandani. Alikaa kwanza, ndipo akasema.

"Feza ilikuwa mule."

"Mule wapi?"

"Mu unga."

"Feza gani?"

"Tuko na ingine gani? Ya Fuso! Yote!"

Masudi alitafuta ukuta wa kuegemea, akaegemea bahari ya karatasi. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Nikuambie we? Ningekuambia, ungemupatia na mukono yako, tena ungemusindikiza."

"Sasa ona. Sikujua, nimepatia."

"Njo ile! Hata bila kujua unajua kupatia batu! Miaka kumi na saba, Baba Bilkisi. Dada yako alisema kitanda, ukasema beba. Chauffeur alisema pneu ya gari, ukasema beba. Neno 'hapana' mama yako hakukufundisha? Iko na silabe ngapi?"

Masudi aligeukia bahari yake ya karatasi. Alikuwa analia, naye Mwanvua alikasirika zaidi, kwa sababu zamu ya kulia ilikuwa yake.

Simu ya Ntambwe haikupatikana. Basi wakashuka. Mama wa mapokezi aliinua mkono kuwaambia jambo, simu yake tayari, lakini Mwanvua alimpita bila kumtazama. Samaki imetoka, anataka nini tena?

Huko nako kuna pikipiki za taxi-moto kama Kolwezi, ila wao wanavaa vizibao vya rangi ya machungwa. Walichukua mbili, wakawaonyesha madereva anwani ambayo Ntambwe aliiandika kwenye simu ya Masudi siku ya kwanza. Ya Masudi ilipotea kwenye taa za barabarani, na Mwanvua alisimama robo saa kwenye jua mbele ya duka la nyaya, anamsubiri mume aliyempoteza pia, akiwa ameshika kofia ya dereva aliyekwisha kuondoka, hajui amrudishie vipi. Alikuwa anapanga maneno. Aliyapunguza, akayapunguza, mpaka yakabaki manne: ile feza haiko yako. Atayasema mlangoni, kabla hajakaribishwa. Ukishakaribishwa umekwisha.

*

Ngazi zilikuwa za chuma, chumba kiko juu ya duka hilo la nyaya. Mlango ulikuwa wazi na harufu ya samaki wa chumvi ilifika mpaka chini. Mwanvua alitangulia.

"Ntambwe!"

"Mama!" Kijana aliruka, akamshika mikono yote miwili, akaikumbatia kifuani. Vijana wengine watano, waliokaa kwenye mikeka, walisimama wote na kupiga makofi. Mezani palikuwa na karatasi ya tiketi. Karibu nayo simu iliegemea birika, na kwenye simu mlikuwa na uso wa mwanamke.

"Mama, ona, njo beye! Bamefika benyewe!" Ntambwe aliigeuza simu. "Mama, huyu njo mama yangu muzazi, mama Honorine. Anauzisha bilazi bitamu pale ku soko ya Manika."

Kolwezi ilikuwa saa moja ya asubuhi. Mwanamke kwenye simu aliiweka chini, akarudi nyuma ili aonekane, akapiga magoti kwenye simenti ya ua wake. Alikunja viganja, akavigonganisha taratibu, mara tatu, kama watu wao wanavyomshukuru mkubwa. Alikuwa mtu mzima kumpita Mwanvua kwa miaka ishirini.

"Mama Mwanvua, sura yako mi sikuijue," alisema. "Miezi tano nilikuwa naambia batu mutoto wangu anacheza mupira. Haya ilikuwa inanifunga kinywa. Usiku naamuka naona kama alishakufa. Sasa mulimupatia feza ya kurudia, tena muliificha mu unga, hamukumupatisha haya mbele ya banzake. Bazazi benu balibalea muzuri. Mungu Nzambe abarudishie mara kumi."

Masudi alikuwa amefika mlangoni, anahema. Aliyasikia yote. Akamtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza maishani akamwachia yeye jibu.

Mwanvua alikuwa na maneno yake manne kinywani, yako tayari kabisa. Aliwaona watoto wake wanne. Aliona mlango wa duka ambao haujafunguliwa. Aliwachukia wote waliokuwa chumbani mle, pamoja na marehemu mama mkwe wake na desturi zake za unga. Akafungua kinywa.

"Inuka, mama," alisema. "Simenti iko baridi asubuhi hii. Ni kidogo tu."

Honorine aliendelea kubariki mpaka mtandao ukakatika. Mwanvua aliilaza simu uso chini, akawageukia wale vijana watano, akawaomba watoke kidogo. Walipotoka alinyosha mkono.

"Ntambwe, mwanangu. Ulikuta ngapi?"

"Elfu tatu na mia munane, mama. Nilihesabu mara tatu. Nikasema, elfu moja na mia nne, njo ile tata alisikia kwangu. Nikakata tiketi jana ileile, ndege ni leo usiku, amende, ile faini ya visa, nitalipa ku uwanja. Ingine nikasema, pengine banataka niibebee kule ku nyumba, ku batoto yabo. Simu yangu haina unité, laini ilishafungwa, na mama naongea naye kwa Wi-Fi ya duka. Nilikuya asubuhi kuuliza, ule mama wa hoteli alikatala nipande, alitaka mia tatu."

Aliingia chini ya meza, akavuta mfuko wa unga. Ulikuwa umeshonwa tena kwa uzi uleule mwekundu, mishono mikubwa mikubwa ya kiume.

"Huku tuko batu sita," alisema. "Nikaona mahali muzuri ni mulemule."

Kisha akamtazama usoni, na Mwanvua akaona kijana anaanza kuelewa. Macho yalishuka kwenye tiketi, yakapanda. "Mama... kumbe ile haikuwa..."

"Ile ya tiketi ni yako," Mwanvua alimkata, kwa ukali, utadhani anagombeza. "Unasikia? Tata yako alikupatia. Huyu mufuko njo sikukupatia. Leta."

*

Walirudi hotelini na mfuko. Mama wa mapokezi alinusa, akanusa tena, akaandika faini ya baht elfu mbili kwa sababu mfuko ulikuwa umelala na samaki. Mwanvua alilipa. Hakuwa na nguvu ya kugomba na mtu anayejua kuchora.

Duka la kubadilisha pesa lilikuwa mtaa wa pili. Msichana wa kaunta alichambua dola zao moja moja, akazinusa, akarudisha noti tatu za mia mia zenye doa la mafuta. Mwanvua, ambaye sokoni Kolwezi alizoea kukataa dola iliyopasuka kiasi cha ukucha, alizipokea kimya. Zilibaki elfu mbili na mia moja. Kwenye orodha yake alikuwa ameandika magauni mia nne. Sasa akakata suti za watoto, akakata viatu vyote, akabakiza magauni na blauzi. Duka litakuwa nusu duka. Litafunguliwa, lakini pande mbili za ukuta zitabaki tupu, naye atazitazama kila siku.

"Ulisema ni kidogo tu," Masudi alisema polepole.

"Funga kinywa, Baba Bilkisi."

Simu iliita. Alikuwa Bilkisi, mkubwa wao, wa miaka kumi na sita, aliyebaki na wadogo zake. Nyuma yake kulisikika makelele.

"Mama, kuko mama moja hapa, Honorine, alileta kuku. Anaimba mu barabara yote. Anasema mulipatia mutoto yake feza nyingi."

"Ile kuku musichinje," Mwanvua alisema. "Mufunge. Mutoto yake akifika, muite bote babili bakuye bakule."

"Ndiyo. Mais mama, kuko na batu bengine. Bako tisa ku mulango. Moja anasema ni ndugu ya tata, anataka ya hôpital. Mwingine anasema ukuta ya bulongo ilianguka ku nyumba yake. Banasema bazazi yenu bako na feza Bangkok, banagabulia batu bote. Nibaambie nini?"

Mwanvua alifumba macho. Kisha akampa mumewe simu.

"Sema weye."

Masudi aliishika simu kwa mikono miwili. Midomo yake ilicheza. Alitazama orodha iliyokatwakatwa kwenye goti la mkewe, dola tatu zenye mafuta, mfuko wa unga na mishono yake ya kiume.

"Bilkisi," alisema. Akakohoa. "Baambie, hapana."

"Unasema nini, tata?"

"Hapana. Haiko. Tata amesema hapana. Bafungie mulango, kwa heshima."

Alikata simu, akairudisha kwa mkewe kwa mikono miwili. Mwanvua alimtazama mtu yule. Silabi tatu tu. Zilichukua miaka kumi na saba na dola elfu moja na mia nne, naye hakujua acheke au ampige.

"Sasa simama," alimwambia. "Soko inafunga."